Nasasisha Jumapili

Kompyuta ya mezani ya duka langu la steshenari, hapa Lipangalala, naisasisha mara moja kwa wiki: Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Siku hiyo mashine za kukoboa mpunga zimezimwa na umeme umetulia. Kwanza nanakili kazi zote kwenye flashi, kisha nasoma orodha ya vitakavyobadilika, ndipo naruhusu. Toleo jipya la mfumo mzima nalisubirisha miezi kadhaa, wengine watangulie kuumia. Wanachuo wanaokuja kuchapa wananiambia Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, haihitaji woga wote huo. Nawaambia wakanunue kompyuta zao.

Zamani nilikuwa mbishi wa upande wa pili. Fundi aliyeniwekea Linux alisema nisiiache ichakae, mimi nikaelewa nisasishe kila siku. Kila asubuhi, kabla hata ya kufagia, nilibonyeza kitufe cha kusasisha na kujiona mtaalamu.

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno nilibonyeza kama kawaida. Mashine zilikuwa zinakoboa mtaa mzima, taa zinafifia na kurudi. Niliona mfumo umeanza kubadilisha kiini chake, kile ambacho bila hicho kompyuta haiwaki, nikatoka kwenda kuteka maji. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilitoa mistari ya maandishi meupe, ikagoma hapo hapo. Baada ya dakika chache umeme ukaenda tena, safari hii mazima.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na wasifu wa jirani yetu aliyefariki, wa kusomwa makaburini saa nane mchana. Jioni iliyotangulia shemeji yake alinitajia yote kwa mdomo nikachapa: kuzaliwa Mahenge, ubatizo, ndoa, watoto sita, ugonjwa. Mume wa marehemu alikaa kwenye benchi, hakutia neno. Nilisema nitatoa karatasi asubuhi. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Saa nne akaja mume mwenyewe, peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwa tayari?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la umeme. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Basi andika kwa mkono," alisema. "Nitakutajia."

Tarehe hakukumbuka hata moja. Alisema mke wake alikuwa na sauti kali. Wakiwinga ndege shambani, yeye alipiga debe kuwafukuza, mke aliita tu jina la mumewe na ndege wote wakaruka. Alisema aliwahi kununiwa siku tatu kwa kuuza baiskeli bila kumwambia mwenzake. Niliandika kila neno, sikuthubutu kumpangia.

Mwandiko wangu, baada ya miaka ya kubonyeza, ulikuwa hausomeki. Shemeji aliugeuza huku na huku akashindwa, ikabidi nikausome mwenyewe kaburini. Nilipofika kwenye ndege watu walicheka, kisha wanawake wakaanza kulia upya.

Wiki iliyofuata fundi alikuja, akaiwasha kompyuta kwa kiini cha zamani, ambacho kumbe kilikuwepo muda wote. Wasifu ulikuwa mzima, haukupungua hata nukta. Niliutoa kwenye karatasi nzito na kumpelekea mzee, kifua mbele. Binti yake akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Ni sahihi," alisema. "Ila huyu hapigi kelele. Nataka yule uliyetusomea."

Nilirudi dukani na ile karatasi ya mkono. Nikaichapa neno kwa neno, nikaihifadhi mahali pawili kabla ya kuitoa. Sehemu ya ndege niliichapa nikilia, na sikuona haya.