Mtoto Aliyepitishwa Mikononi

Baba yangu alikuwa kapita, yaani mnyapara wa kazi ya barabara, tena mzee wa kanisa. Kijiji chetu kilikuwa pale ambapo vilima vya Masisi vinaanza kuushukia msitu wa Walikale, na katika miaka ile ya hamsini, enzi za ukoloni, kila kijiji kilikuwa na kipande cha barabara cha kutunza. Wanaume wengi, kaka yangu akiwa mmojawao, walikuwa wamekwenda kwenye machimbo, kwa hiyo kazi ya kulima majani na kubeba changarawe iliwaangukia wanawake. Asubuhi Baba aliwaita kazini, jioni akawaita kwenye sala. Walimtania kwamba sauti yake ya jioni ilikuwa tamu kuliko ile ya asubuhi, naye hakukana.

Alikuwa mtu mpole mwenye hofu. Nayasema haya kwa upendo. Aliwahi kuwaona watu wakichapwa fimbo mbele ya ofisi ya serikali, na aliamini kwamba akiwa kapita yeye, angalau hatakuwapo kapita mkali zaidi.

Mwaka mmoja, nikiwa nimerudi likizo kutoka shule ya ualimu, mvua kubwa iliikata barabara. Mzungu aliyeisimamia alitoa amri kwamba kila mwanamke atoke, hata mwenye mtoto mchanga. Juma lile lile mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na alikuwa bado anatokwa na damu nyingi. Asubuhi Baba alikaa mbele ya viazi vyake bila kuvigusa.

"Papa, na yeye utamuita?" Mama aliuliza.

"Nisipomuita, watatuma askari kumutosha mu nyumba kwa nguvu."

"Kitovu ya mutoto haiyaanguka bado."

"Najua, Mama."

Mama hakubishana naye. Alifumba macho pale pale, mkono ukiwa bado na majivu, akaomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Hakuomba mzungu aondolewe wala mvua ikome. Alisema, "Mungu, upatie huyu bwana yangu kinywa." Baba aliitika amina, kisha akatoka kwenda kuwaita wanawake, na mke wa kaka yangu akaitwa pamoja nao.

Manyunyu yalikuwa yakianguka tulipofika barabarani. Mzungu alimwamuru mzazi amlaze mtoto juu ya majani ya mgomba kando ya mtaro, ashike jembe. Mke wa kaka yangu alisimama tu, amemkumbatia mtoto.

Katika kanisa letu dogo, mtoto mpya hupokelewa mlangoni na kupitishwa mkono kwa mkono hadi mbele, na kila mwanamke humtamkia neno moja la baraka. Mama aliliweka jembe lake chini, akamchukua mtoto, akasema, "Uzima." Akampa aliyemfuata. Huyo naye ilimbidi aache jembe lake ili ampokee. "Amani," akasema. Bibi mmoja mwenye mdomo mkali alimtazama mtoto vizuri kabla ya kunena: "Maziwa mingi. Na pua isikuwe kama ya babu yako." Wanawake walicheka kidogo, na mtoto akaendelea. Sidhani walikuwa wamepanga jambo lolote. Nyuma ya mtoto majembe yalibaki chini, moja baada ya jingine, hata kazi ya mstari wote ikasimama, na mwisho wa mstari alikuwa Baba.

Alikuwa hajapata kumshika mjukuu wake. Kwetu baba mkwe hakaribii chumba cha mke wa mwanawe, naye alikuwa akiingoja siku ya kanisa. Sasa mtoto alikuwa mikononi mwake, analowa.

"Kapita, rudisha mutoto. Kazi iendelee," mzungu alisema.

Baba alimsogeza mtoto kifuani. "Bwana," alisema, "huyu mama anarudia ku nyumba. Mimi njo nasema, hapana mwingine."

Mzungu alinigeukia mimi mwanafunzi, akaniuliza kwa Kifaransa kama amesikia sawasawa. Ningeweza kuyalainisha maneno yale. Nilimtazama Baba, nikaona anajua kwamba ningeweza, na kwamba hakutaka. Niliyatafsiri kama yalivyo.

"Mwambie tena," Baba aliniambia, "siwezi kubariki mutoto siku ya Mungu, na siku ya kazi nimuue."

Nikayatafsiri na hayo.

Alivuliwa kofia ya ukapita hapo hapo, na askari wakaitwa. Kabla ya kuondoka alimrudisha mtoto kwa Mama, na Mama akamrudisha kwa mzazi wake, ambaye alishika njia ya nyumbani. Mzungu alimwona akienda. Hakumzuia.

Baba alikaa kifungoni hadi mvua zilipopungua. Alirudi amekonda, na habari za mgongo wake hakuzisema. Tulikuwa tayari na kapita mwingine, wa kijiji cha jirani, na asubuhi iliyofuata huyo naye alimwita mke wa kaka yangu. Baba alitoka mlangoni amebeba jembe na kikapu cha mkwe wake.

"Mzee, hii kazi iko ya wamama," kapita mpya alisema.

"Basi unihesabu mama."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakaketi. Lakini kikapu cha changarawe kilimshinda, maana kwetu wanawake hubeba kwa kamba inayopita kwenye kipaji cha uso, na yeye katika maisha yake yote hakuwa amebeba hivyo.

"Papa, unataka kujinyonga?" bibi yule alimwuliza. "Kamba haiko ya shingo."

Baba alipiga magoti katika tope. Mama aliipandisha kamba polepole hadi ikakaa juu ya nyusi zake, akamwambia atazame chini, asiharakishe, mzigo ungemfuata wenyewe. Kiganja chake kilibaki kwenye kipaji cha Baba kwa muda kidogo. Kisha Mama akatangulia, naye akainuka na kumfuata.