Magadi Yangu na Mwizi wa Mella

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na hata aibu hunifuata humo humo. Wiki iliyopita, hapa Busia, nilichoma maganda ya maharage, nikajaza majivu kwenye kopo lenye matundu, nikayamwagia maji, nikakinga yale maji ya kahawia tunayopikia kunde. Wengine huishia hapo. Mimi niliyesoma kemia mpaka kidato cha nne nikayachemsha hadi yakakauka, yakabaki magadi meupe. Kiasi nikakifungia kwenye chupa, mengine nikayaacha kwenye kisahani yapendeze macho.

Asubuhi kisahani kilikuwa na maji matupu. Mgeni tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, mama mkwe kutoka Mella.

"Mama yako kachukua magadi yangu, kaniwekea maji!" nilimwambia mke wangu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani.

Kwetu mkwe hasemezani na mkwe uso kwa uso. Mama alinipa mgongo, akamwambia bintiye, "Mwambie mume wako alete ile chupa, amwage kidogo hapa kwenye kisahani."

Nikamwaga. Tukanywa chai. Kabla ya kikombe cha pili magadi yalikuwa yanang'aa, kisha yakatoka jasho, kisha yakaanza kutiririka, na hakuna mtu aliyeyagusa.

"Mwambie msomi kwamba mwizi ni hewa, magadi haya hunywa unyevu wake mpaka yakayeyuka," mama akasema. "Amkamate basi. Mlango uko wazi."