Reli Haikaguliwi kwa Kalamu

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asisikie. Nilikuwa kibarua wa reli huko bara, mbali kabisa na kwetu Mkunya. Kila asubuhi nilitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kutoka kambini hadi darajani, nikigonga reli kwa nyundo na kukaza bolti zilizolegea. Reli nzima hulia vizuri. Yenye ufa hutoa sauti butu. Nikirudi naandika kitabuni kwamba njia ni nzima, ndipo treni ya abiria ipite.

Mnyapara wetu, Mzee Salehe, aliwahi kunikuta nimejaza kitabu kabla hata sijavaa viatu. Hakunigombeza sana. Alisema, "Kijana, reli haikaguliwi kwa kalamu." Nikaitikia kwa heshima, na moyoni nikamcheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha barua ikaja kutoka nyumbani: mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anatoka jandoni Jumamosi. Kwetu unajua mwenyewe. Mtoto akitoka jandoni mjomba wake hayupo, ni aibu ya ukoo mzima, na dada yangu asingenisamehe. Mzee Salehe aliniruhusu niondoke Alhamisi, ila nikague njia kwanza. Tatizo ni kwamba basi la kwenda kwetu lilipita saa nne, na kufika darajani na kurudi kulichukua hadi adhuhuri. Basi nilitembea nusu ya njia, nikageuka, nikaandika kwamba nimefika darajani.

Ngoma ilinoga, mwanangu. Nilimvika mpwa wangu nguo mpya, nikaimba na kucheza mpaka sauti ikanikauka. Wala sikujua kwamba jioni ileile niliyoondoka treni ilianguka karibu na daraja, palepale nisipofika, kwenye reli yenye ufa. Walikufa watu, akiwemo mama mmoja na mapacha wake wachanga. Majina yao sikuyauliza. Niliogopa kuyajua.

Niliporudi, Mzee Salehe aliniita kando kabla wakubwa hawajanihoji.

"Ulifika darajani?"

"Nilifika, mzee."

Akaenda mwenyewe kwa wakubwa. Wakamfukuza kazi yeye, kwamba hakusimamia watu wake. Alijua, na hakunitaja. Mimi, mwanangu, nikapewa unyapara wake. Nilikaa miaka nikijipa moyo kwamba nitakwenda kwake kumwomba radhi, na nilipokwenda nilionyeshwa kaburi; walisema hakuinuka tena tangu afukuzwe. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajawahi kuniacha hata siku moja.

Jana uliponiambia umepata kazi ya kukagua reli nilifurahi. Kisha ukasema, tena ukicheka, kwamba wenzako siku hizi wanajaza ukaguzi kwenye simu wakiwa wamekaa kivulini. Treni mpya, mataruma ya zege, na uongo ni uleule. Sijui kama haya yatakusaidia, maana maneno ya Mzee Salehe hayakunisaidia mimi, naye alikuwa mtu bora kuliko mimi.

Hata hivyo nakuambia. Andika pale tu miguu yako ilipofika. Usipofika, andika hukufika, na treni isubiri, abiria wakutukane wanavyotaka. Atukanaye bado yu hai. Sherehe ikikuita, hata ikiwa ni ya kumtoa mpwa wako, tafuta kwanza wa kushika nyundo yako. Aibu ya ukoo husahaulika baada ya mavuno mawili. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana uongo wa pili ndio uliomuua Mzee Salehe.

Nenda, mwanangu. Mungu aitie nguvu miguu yako, autie uzito mkono wako unapotaka kuandika usichokiona, na akuepushe na cheo cha mtu aliyebeba kosa lako.