Nyumba ya Mama Haiuziki Mpaka Salum Atie Saini

Admin, naomba unifichie jina. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Nina miaka hamsini na tisa, mjane, Mzanzibari, naishi Edmonton hapa London na nafanya kazi ya kufua nguo hospitalini. Tangu nikiwa sekondari nina daftari ninaloandika kila siku, tarehe juu, yaliyotokea chini. Mengi ya haya ninayoyaleta kwenu nimeyatoa humo, na sijaongeza neno.

Mama yangu yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee tangu mwaka jana. Alianguka jikoni kwake mara ya pili, akakutwa asubuhi sakafuni, na akili yake siku hizi inakwenda na kurudi. Hapa mzee mwenye nyumba yake kaunsili, yaani serikali ya mtaa, haimlipii. Nyumba iuzwe, ada ilipwe. Nyumba ya mama iko Walthamstow, nyuma ya soko, na mnunuzi tulimpata ndani ya mwezi mmoja. Ndipo mwanasheria alipofungua karatasi akaniambia, "Wamiliki ni wawili. Mama yako na Bwana Salum. Huyu Bwana Salum yuko wapi?"

Bwana Salum ni baba yangu. Na si baba yangu.

Miaka michache baada ya mapinduzi, baba alitoroka Unguja kwa pasi ya kusafiria ya binamu yake Salum. Walifanana sana, ile picha hata mimi ningeapa ni baba. Tuliambiwa Salum alikamatwa muda mfupi baadaye, akafa, na tusimtaje mbele ya watu. Baba akaishi London kwa jina hilo, kazini, benki, na kwenye nyumba aliyoinunua. Sisi tulipomfuata, nje alikuwa Salum, ndani mama alimwita jina lake. Mdogo wangu, aliyezaliwa huku, Salum ndilo jina lake la ukoo.

Miaka mingi baadaye baba alithubutu kurudi kuiona Unguja. Tulikwenda watatu, yeye, mama na mimi. Siku ya tisa moyo wake ulisimama. Sheha, kiongozi wa mtaa, alipokuja kuandika kifo, mama alitaja jina la kweli. Nilimvuta pembeni, akanambia, "Mtu haingii kaburini kwa jina la mwenziwe. Akisomewa talkini kaburini ataitwa yeye, si mwengine." Sheha akanigeukia mimi. "Hakuwa na pasi ya kusafiria, mwanangu?" Pasi yenye jina la Salum ilikuwa ndani ya mkoba wangu, begani. Nikasema imepotea. Siku ile daftari lina mstari mmoja tu: Baba kazikwa kwa jina lake, na mimi nimesema uongo.

Kwa hiyo aliyekufa kwenye karatasi hakuwahi kuwa na nyumba London. Mwenye nyumba hajafa. Mama aliendelea kulipa kila kitu kwa wakati, na hakuna aliyeuliza, hadi sasa.

Kaunsili walisema wanaweza kulipa kwa muda, wakate fedha zao nyumba ikishauzwa, lakini nao wanataka saini ya wote wawili. Mwezi uliopita nyumba ya wazee ikatuandikia barua ya deni la ada. Msimamizi wake ni mama wa Kikenya, mpole, alinishika mkono kwenye korido. "Dada yangu, wakubwa wangu wanataka mama atoke, nimewazuia mara mbili. Ya tatu sitaweza. Mwisho wa mwezi hicho kitanda kinahitajika." Kwangu nina chumba kimoja ghorofa ya nne, na mama hapandi ngazi.

Mwanasheria, kwa nia njema, akaweka tangazo magazetini na mtandaoni kumtafuta Salum. Alinieleza kama habari ya kunifurahisha. Ningeweza kumzuia kwa kusema ukweli pale pale. Nilimshukuru.

Mdogo wangu anaendesha basi. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini safari hii alijitahidi. "Dada, nitafute mzee mmoja tu wa kujifanya yeye. Saini moja tu. Kofia, ndevu nyeupe, wao watajua nini?"

"Na ukikamatwa?"

"Nikamatwe kwa kutumia jina la Salum? Mimi ndiye Salum pekee aliyebaki." Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano nilikwenda kwa mama. Kila nikifika hunambia, "Funga pazia, ataniona." Nilidhani ni maradhi, nikawa nafunga tu. Siku hiyo nikamuuliza, polepole, Salum alikufa mwaka gani? Macho yake yakatulia kama zamani.

"Nani kakwambia kafa?"

"Nyinyi, mama. Wewe na baba."

"Ile pasi tuliazima," akasema. "Salum aliitoa kwa wiki mbili. Ilikuwa tumrejeshee kwa mkono wa baharia, na yeye atoke. Baba yako akaogopa, hakuipeleka." Akavuta blanketi hadi kidevuni. "Salum alisema ataifuata."

Sikuandika kitu usiku huo. Ni mara ya kwanza ukurasa wangu kuwa mtupu.

Jana, Ijumaa, mwanasheria akanipigia simu, sauti yake imechangamka. Tangazo limejibiwa. Bwana Salum amepatikana, amekwishafika London, atakuja ofisini Jumatatu saa nne na ameomba familia iwepo. Nikajua ni yule mzee wa mdogo wangu. Nikampigia kwa hasira, nikamwambia kwa nini umefanya bila kunambia?

Nikamsikia akizima injini ya basi.

"Dada, mimi wangu bado sijampata."

Pasi ile ya kwanza, aliyotoka nayo baba, ninayo hapa mezani, imechakaa pembeni, ile picha inanitazama. Nisipokwenda, mama hana pa kulala mwezi ujao. Nikienda, sijui nitamwambia nini mtu ambaye tumeishi ndani ya jina lake zaidi ya miaka hamsini, wala sijui anataka nini, nyumba au sisi. Wenzangu mnaosoma, wenye wazazi na wenye siri, nishaurini kabla ya Jumatatu saa nne. Niichukue hii pasi nimpelekee?