Niliwachekesha wenzangu kwa maombi ya mama mdogo

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nayasema hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kunisikia.

Mimi ni dada wa Mbeya. Ofisi yetu iko Mwanjelwa, tunatengeneza programu za simu. Kazi yangu ni kupanga kinachoonekana kwenye skrini: maneno, vitufe, mtu aanzie wapi amalizie wapi. Tunafanya kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili. Kipande kikiisha tunakaa na bosi, kila mtu anaonyesha alichofanya.

Safari hii tulikuwa na programu ya wakulima kuagiza mbegu za viazi. Nilitakiwa nimpe mkulima simu, nione anakwama wapi, nimrekodi. Nikaenda Iringa, Ipogolo, kwa mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki.

"Hii video watu hawataiona?" aliniuliza.

"Ni ya kazini tu, mama."

Akajaza fomu ya kuagiza vizuri mpaka mwisho. Pale chini, kwenye kitufe cha kumalizia, nilikuwa nimeandika: TUMA MAOMBI. Mama mdogo akaiweka simu mapajani, akafumba macho, akaanza kusali! Kwa sauti! Akaombea mbegu, akaombea mvua. Halafu akamwombea binti yake Neema, kwamba Mungu amponye mume wake, maana hospitali wamesema tatizo la kukosa mtoto liko kwa mwanaume.

Jamani! Mwenye akili angezima simu palepale. Mimi nilikuwa najibana nisicheke.

Neno lilikuwa langu. Mama wa kanisani ukimwambia atume maombi, afanyeje? Lakini kwenye kikao sikusema kwamba nimekosea neno. Nilisema, "Oneni watumiaji wetu hawa," nikawawekea video yote. Walicheka mpaka machozi, bosi anapiga meza. Mwenzangu mmoja akasema, "Irushe kwenye grupu bwana!" Nikairusha. Nilivyopenda sifa!

Kuna mtu akaitoa nje. Ni nani, sijui mpaka leo. Ikafika Iringa, ikaingia kwenye simu za wanakwaya, ikafika kwa shemeji, mume wa Neema.

Neema akarudi kwao na begi lake. Shemeji alimwambia, "Mmenivua nguo mbele za watu. Nenda mkaombeane huko kwenu."

Nilipanda basi kwenda kuomba msamaha. Mama mdogo akanikaribisha, akanimiminia chai, akasema, "Karibu, mgeni." Mgeni! Kwenye nyumba niliyokulia! Nikapiga magoti, nikalia.

Akaniambia taratibu, "Mimi kuchekwa siyo shida, mwanangu. Ila yale nilikuwa namwambia Mungu. Wewe nani alikutuma uwapelekee watu?"

Neema hakutoka chumbani. Nilimsikia akikohoa tu, mpaka nikaondoka.

Siku hizi kitufe kile kinasema AGIZA. Kukibadilisha ilikuwa kazi ya dakika chache, hata chai yangu mezani haikupoa. Lo, ujinga wangu!

Nyie mnaofanya kazi kama yangu, nawasihi. Mtu akikwama kwenye kitu ulichotengeneza, jitazame wewe kwanza, usimcheke. Na akikuruhusu umrekodi, jua amekuachia mlango wazi, usiwaingize wengine.

Ile video nimeifuta kwenye simu yangu. Kwenye simu za watu siwezi.