1,000,011 Inagawanyika kwa Tatu

Leo nimemshinda mwalimu hesabu, na bado nimerudi nyumbani nikilia.

Aki wamama wenzangu, nisikieni.

Shiru wangu alikosa swali moja tu, akakatwa kwenye orodha ya watoto wa kwenda mashindano ya hesabu. Waliulizwa kama 1,000,011 inagawanyika kwa namba nyingine mbali na moja na yenyewe. Shiru akaandika, ndiyo, kwa tatu. Mwalimu akamwekea kosa.

Na hiyo ya tatu ni mimi nilimfunza, tukimenya viazi.

Asubuhi nikaenda hadi darasani kwao, mtoto mdogo mgongoni, nikamwambia mwalimu jibu la Shiru ni sawa.

"Mama Shiru, kwani wewe ulifika darasa la ngapi?"

"La saba, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Shiru akainamisha kichwa.

Nikachukua chaki. "Jumlisha tarakimu zake. Moja, moja na moja ni tatu. Jumla ikigawanyika kwa tatu, namba yote inagawanyika."

Mwalimu akatoa simu, akapiga hesabu. 333,337. Haibaki kitu!

Mnajua alisema nini?

"Sawa, lakini kitabu kinasema haigawanyiki. Na majina yalishatumwa."

Yaani tuko sawa na bado tumekosa.

Nikatoka. Shiru akanikimbilia hadi getini, nikadhani anakuja kunikumbatia.

"Mum, usikuje tena. Siku ingine nitaandika tu ya kitabu."

Mashindano yatakuja mengine, hilo najua. Lakini akitoka shule jioni, nimwambie nini? Chapati nimekanda. Maneno ndiyo sina.