Kompyuta za Shemeji

Asubuhi hiyo Chapachapa alivaa gauni lake la kutokea, akajipaka na wanja. Mtu anayekwenda kumwaibisha shemeji yake haendi na khanga ya jikoni.

Jina hilo alipewa na wanafunzi aliokuwa akiwachapia kazi zao pale sebuleni, vidole vikikimbia huku anabishana na mumewe. Siku hizi vidole vilikuwa likizo. Laptopu aliyouziwa na shemeji, mdogo wa mumewe, ilikuwa na betri iliyokufa zamani. Umeme ulipokatika ilizimika palepale, na nusu ya tasnifu ya mtu ikaenda na maji. Mwenye tasnifu akawatangazia wenzake, wateja wakamkimbia. Shemeji alipoambiwa alicheka tu. "Shemeji, mtumba ni bahati." Bahati gani, na alijua fika anachouza?

"Msamehe, ni damu yangu," mumewe alimwambia.

"Nitamsamehe nikimaliza."

Akiba aliyokuwa nayo ilitosha mashine moja. Akiuziwa mbovu tena, kazi ya kuchapa ndiyo basi.

Alifika dukani wateja wamejaa. Laptopu zilipangwa rafuni, zote zinawaka, zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja ndefu, kama kawaida ya duka lile.

"Karibu, shemeji. Chagua yoyote, nitakupa bei ya nyumbani."

"Ndiyo nachagua."

Hakuuliza rangi wala ukubwa. Aliinama, akashika waya wa ile ekstensheni, akauchomoa ukutani.

Rafu nzima ikazimika. Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa pesa akazirudisha mkobani taratibu. Mashine iliyobaki inawaka ilikuwa moja, ile ya kaunta, anayotumia shemeji mwenyewe, na wala haikuwa na waya.

"Nataka hiyo," Chapachapa alisema.

"Hiyo si ya kuuza, shemeji."

"Waambie basi hawa watu kwa nini si ya kuuza."

Wote wakamgeukia. Shemeji akaanza kuhamisha mafaili yake, jasho linamtoka. Chapachapa akavuta kiti, akakaa kumtazama, na roho ikamsuuzika kweli kweli. Alilipa bei ya nyumbani, hakuongeza hata senti.

Kisha akatoa laptopu yake ya zamani kwenye mkoba, akaiweka pale kaunta.

"Utatumia hii, shemeji. Ila usisahau kuichomeka."